Dumu la Mchungaji Chilumba

Mzee Bwanali Hamudi alipanda basi la Newala asubuhi akiwa na kazi moja tu: kwenda kumtukana marehemu.

Asiyejua mambo ya kusini atadhani mzee huyu alikosa adabu. La. Ukoo wa Bwanali, Wayao wa Masasi, na ukoo wa Mchungaji Alfredi Chilumba, Wamakonde wa Makote kule Newala, ni watani tangu enzi za mababu, ambao inasemekana walipigana mpaka wakachoka, wakaona afadhali watukanane tu. Mtani hafiki msibani na uso wa huzuni. Anafika akilalamika. Anamwita marehemu mvivu, anavaa nguo zake, anaigiza mwendo wake, hadi wafiwa wacheke bila kupenda. Na mtani halii. Kulia ni kazi ya wenye msiba. Yeye ana kazi yake.

Shida ni kwamba siku hiyo matusi yalikuwa yamemkauka. Alikaa dirishani, basi likiacha majabali ya Masasi na kuanza kuhangaika na mlima wa Newala, akajaribu tusi moja moja kimoyomoyo kama fundi anayejaribu spana. Hakuna lililoshika. Kila alipofikia neno "mvivu" alimwona Alfredi amepanda baiskeli jua la mchana, koti jeusi limejaa vumbi, anakwenda kumzika mtu asiye hata wa kanisa lake. Utamwitaje mvivu mtu wa namna hiyo?

Na kazi ilikuwa nzito kuliko kawaida. Stella, binti wa marehemu, alimpigia simu Jumatano.

"Shikamoo, Baba Hamida."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia. Nakuja."

"Njoo mapema. Mama hajalia. Hajala pia, tangu jana baba alipotutoka. Amekaa anatazama ukuta. Kina mama wa kanisa wamejaribu, majirani wamejaribu, hata uji hataki. Sasa nimebakiwa na wewe."

Bwanali alijibu kwamba hilo ni jambo dogo, aliwahi kuwachekesha hata wafiwa wa kituo cha polisi. Kisha akakata simu na kubaki amekaa kwenye kibanda chake cha ufundi baiskeli pale sokoni, mkononi ameshika mpira wa pikipiki ya watu asijue alikuwa anataka kuufanya nini.

Maana alijua deni lake. Mkewe alipofariki, Bwanali naye alikataa kula. Mchungaji Chilumba akashuka kutoka Makote kwa baiskeli, akasimama mlangoni bila kubisha hodi, akatazama msiba wote, akasema, "Afadhali. Hatimaye mama wa watu amepata pa kupumzika na kelele zako." Bwanali alicheka mpaka akakohoa, na alipomaliza kukohoa akakuta ameshika bakuli la uji. Leo zamu ilikuwa yake, na mwenye kuchekeshwa ni Severina, mwanamke ambaye hata siku za heri hakuwa mwepesi wa kicheko.

Urafiki wa wazee hawa ulianza na baiskeli mbovu. Alfredi alikuwa kijana tu alipokwenda Tanga kukata mkonge, akavuka hadi upande wa Mombasa, akakaa huko miaka kadhaa, kisha akarudi. Wenzake waliotoka mkonge walirudi na redio na cherehani. Yeye alirudi na kitabu cha nyimbo na ubavuni baiskeli isiyo na breki. Kijijini walimpa pole. Halafu akatangaza kwamba yeye sasa ni Methodisti, na hapo watu wakachanganyikiwa kabisa. Waanglikana wa Masasi walijulikana, Wakatoliki wa Ndanda walijulikana, Waislamu wako kila nyumba ya pili. Methodisti ndiyo nini? Mama yake mzazi aliuliza kwa upole kama inatibika.

Haikutibika. Aliendelea nayo hadi akawa mchungaji, na akaanza kujenga kanisa lisilogusa pombe katikati ya mikorosho, kwenye nchi ambayo msimu wa mabibo ukifika hata mbuzi wanayumba njiani. Kila mtu wa huko anajua habari ya mabibo, yale matunda ya mkorosho. Ukiyakamua asubuhi, yale maji ni matamu, mtoto anakunywa na bibi anakunywa. Ukiyaacha hadi kesho yake, jua likayapiga, yanakuwa uraka, na uraka hauulizi dini ya mtu. Mchungaji Chilumba aliupiga vita uraka kila mwaka, na kila mwaka uraka ulishinda, lakini yeye hakukata tamaa.

"Mtani," Bwanali alimwambia siku ya kwanza ile, akimzibia pancha, "dini yako haina pombe, haina wake wengi, haina hata ubani. Watu watakufuata kwa sababu gani?"

"Kwa sababu ya maji," Alfredi akajibu. "Wale wa kuzamisha watu mtoni, huku juu mlimani watapata wapi mto? Mimi kikombe kimoja kinanitosha kubatiza ukoo mzima."

Bwanali aliona hiyo ni hoja. Hata mtu wa Masasi, akiujua mlima wa Newala, ambako mama zetu walishuka bondeni alfajiri na kupanda na ndoo kichwani, hawezi kuidharau dini inayobana matumizi ya maji. Tangu siku hiyo hawakuachana.

Kama mhubiri, tuseme ukweli, Mchungaji Chilumba alichosha. Mahubiri yake yalikuwa na kwanza, na pili, na tatu, na kila kipengele kilizaa watoto. Kuna mama mmoja aliyekuwa akitoka kwenye kipengele cha tatu, anakwenda nyumbani kuepua kunde, anarudi na kukuta ndiyo kwanza cha tano. Hakuna aliyelalamika mbele yake, maana mtu huyohuyo wa kwanza na pili ndiye aliyekuja usiku wa mvua ulipougua, akakaa na wewe bila kusema neno. Watu walivumilia mahubiri kwa ajili ya mhubiri.

Na kama mume, alikuwa kama wanaume wengi wa umri wake: neno tamu kwa mkewe lilimkwama kooni. "Mama Stella, chai." "Mama Stella, koti langu." Ndiyo mapenzi yote hayo, mchana kweupe. Severina naye alimjibu kwa kuleta chai na koti, na ukiwatazama ungesema ni watu wawili waliokutana kwenye foleni.

Bwanali alipofika Makote alikuta uwanja umejaa. Ulikuwa msimu, mabibo yameanguka chini ya mikorosho yote na harufu yake imekaa juu ya msiba. Akavuta pumzi, akatembea moja kwa moja hadi kwenye kizingiti cha nyumba, akajilaza chini kukingama mlango.

"Hapa hatoki mtu," akasema. "Huyu mnayesema amekufa mimi namjua. Amelala tu. Kila mwaka palizi ikikaribia analala. Mwamsheni akapalilie korosho zake."

Watu wakaangua kicheko, hasa wazee, walioanza kuwa na wasiwasi kwamba siku itapita bila mtani. Mchungaji Selestini, kijana aliyerithi kanisa la Chilumba, akaja amekumbatia Biblia. Yeye ni mtu wa mbali kidogo, na mambo haya yalimtia jasho.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba."

"Nakuomba sana. Tuna ibada, na kuna wageni wa kanisa kutoka Mtwara. Haya mambo…"

"Ibada yako nitaipisha," Bwanali akasema bila kuinuka. "Lakini ukishamaliza kumfukia, kabla watu hawajala, utanipisha na mimi. Tena uniletee koti lake."

Wazee wakaguna kuonyesha kwamba hilo ni haki. Selestini akakubali, kwa sura ya mtu aliyemeza kidonge bila maji. Bwanali akainuka na kuingia ndani.

Severina alikuwa juu ya mkeka, mgongo umenyooka, kikombe cha uji kando yake kimeshaweka utando. Bwanali akamwambia kwamba sasa amebaki mjane mzuri, atamtafutia mume Mwislamu mwenye duka. Stella alicheka. Kina mama walicheka. Severina akasema, "Karibu, Baba Hamida," kwa heshima zote, akageuza uso kwenye ukuta.

Maziko yakaenda vizuri. Stella alisoma historia fupi ya marehemu: alizaliwa, alisoma, alibatizwa, alihudumu huku na kule, alistaafu, ameacha mjane na watoto na wajukuu. Haukuwamo uongo hata mmoja, ila Alfredi naye hakuwamo. Ingeweza kuwa historia ya karani yeyote. Bwanali alisimama nyuma ya umati akasikia hasira kidogo, na akaishukuru ile hasira, maana ilimzuia asilie jeneza lilipoteremshwa.

Waliporudi uwanjani vyungu vilikuwa tayari, ugali na mbaazi na kuku wa kienyeji, lakini hakuna kilichoguswa na mwiko. Zamu ya mtani. Bwanali akavaa koti. Lilikuwa jeusi zamani. Sasa lina rangi ya barabara, na lilinuka salfa, ile dawa ya unga ya korosho ambayo mchungaji aliipuliza kila mwaka akiwa amevaa koti hilohilo, maana hakuwa na la shamba na la kanisa. Akakohoa mara tatu. Akatafuta miwani mfukoni, akaikosa, akaikuta kichwani. Watu walikuwa wameshaanza kushika mbavu.

"Kwanza," akasema kwa sauti ya marehemu.

Uwanja ukavunjika mbavu.

"Pili. Kabla sijaingia kwenye pili, nirudi kidogo kwenye kwanza."

Mzee mmoja akalala chini kabisa. Wageni wa Mtwara walianza kucheka wakiwa wamefunika midomo kwa vitabu vya nyimbo, maana nao walishawahi kuyasikiliza mahubiri hayo. Bwanali akaenda hivyo hadi saba, na kila alipogeuka alimtazama Severina, aliyewekwa kwenye kigoda karibu na mlango. Uso wake ulikuwa vilevile. Sahani ilikuwa mapajani, Stella kamwekea ugali na paja la kuku, na mkono haukuwa umesogea.

Hapo Bwanali akajua kwamba mzaha wa kawaida umefika mwisho. Ilibaki hadithi moja tu, aliyoifungia tumboni miaka mingi. Mtani wake alimwapisha siku ileile ilipotokea: "Hili, Bwanali, utalisema nikishazikwa." Haya. Ameshazikwa.

"Naomba Mchungaji Selestini azibe masikio," akasema, sasa kwa sauti yake mwenyewe. "Mwaka ule tulikwenda kufungua kanisa jipya upande wa Tandahimba. Mimi nilifuata kwa sababu ya mnyororo wa baiskeli yake, ambao ulikuwa unatoka kila kilima. Mama Stella alimfungia dumu la maji ya mabibo nyuma ya kiti. Alikuwa ameyakamua jioni ya jana yake, maana tulitoka alfajiri. Basi dumu likasafiri juani, likatikiswa na mashimo yote ya njia ile. Mnanielewa?"

Walimwelewa. Uwanja mzima ulikuwa umeshafika Tandahimba kabla yake.

"Tulipofika ana kiu kama ngamia. Mimi niko nje nahangaika na mnyororo. Yeye kikombe cha kwanza, cha pili, anasema, Mama Stella leo ameyapatia. Akaingia madhabahuni. Nikasikia hakuna kwanza. Nikasema moyoni, huyu anaumwa. Hakuna pili. Nikasogea mlangoni, nikamwona ameshika nguzo ya kanisa kama ndugu yake. Mtu aliyemwibia mbuzi alikuwemo; akamsamehe kwa jina. Akaimba peke yake. Watu wale walilia machozi, na mpaka leo kule Tandahimba wanasema hawajapata kuhubiriwa namna ile."

Selestini alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika, na haikujulikana kama ni aibu. Bwanali akamgeukia Severina. Hakupanga kumwambia yeye, lakini sasa akawa anamwambia yeye peke yake.

"Halafu akasema hivi. Ndugu zangu, mnaniona nimesimama. Sijasimama, nimesimamishwa. Kuna mwanamke kule Makote anateremka bondeni kabla jogoo hajawika, anapanda na ndoo kichwani, ananipa mimi maji ya kuoga kwanza, yeye ananawa uso kwa yanayobaki. Mimi nahubiri upendo, yeye ndiye anayeufanya. Ni mzuri kuliko mlima wote huu, na sijawahi kumwambia, kwa sababu namwogopa."

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Sauti ya Bwanali iligoma kwenye neno la mwisho, akalazimika kukohoa kile kikohozi cha marehemu ili kuificha. Akaona amekosea. Mtani amewaliza watu badala ya kuwachekesha, na mjane bado amekaa na sahani yake.

Severina akainua macho.

"Hayo aliyasema lini, Baba Hamida?"

"Mwaka ule wa kanisa la Tandahimba, shemeji. Aliniapisha nisiseme."

"Aa," Severina akasema. "Ule ulikuwa wa kwanza."

Bwanali akasogea karibu. "Wa kwanza wa nini?"

"Jioni ile alirudi uraka bado haujamtoka," Severina akasema polepole, kama anayechambua mchele. "Akayarudia yote hayo jikoni kwangu, tena ameshika ungo. Akalala. Asubuhi akaamka na kichwa kinamuuma, anauliza koti liko wapi. Yeye alisahau. Mimi sikusahau. Basi msimu uliofuata, nikakamua jioni, na kesho yake nikaliweka dumu juani mpaka mchana."

Mtu mmoja nyuma aliangua kicheko, akanyamazishwa.

"Mama," Selestini akasema kwa sauti ndogo. "Kila mwaka?"

"Isipokuwa mwaka ule mvua zilipowahi, mabibo yakaoza."

"Na marehemu hakujua?"

"Kila mwaka aliniuliza. Mama Stella, haya umeyakamua lini? Nami namjibu, asubuhi hii. Basi anakunywa." Akamtazama mchungaji yule kijana kwa huruma. "Mtu aliyezaliwa chini ya mkorosho, baba. Asijue?"

Kilichofuata hakikuwa kicheko cha msibani, kilikuwa cha harusini. Wazee walishikana. Wageni wa Mtwara waliacha vitabu vya nyimbo vianguke. Stella alikuwa amekaa chini, khanga usoni, anasema "Mama, mama," bila kuendelea. Na katikati yao Severina mwenyewe alikuwa anacheka, kimya kimya, meno machache nje, sahani inaruka mapajani. Siri ya mtungi aijuaye kata, na Bwanali, aliyejiona kuwa ndiye kata miaka yote hiyo, akagundua kwamba hata jikoni hakuwahi kuingizwa. Alikuwa amelinda kwa uaminifu mkubwa siri iliyokuwa inachemshwa na wenyewe kila msimu. Alfredi kamshinda, tena akiwa kaburini.

Kisha kicheko cha Severina kikapungua, kikawa kitu kingine.

"Mwaka huu nilikamua Jumatatu jioni," akasema. "Jumanne asubuhi nikaliweka dumu juani. Akaniuliza nimekamua lini. Nikamwambia asubuhi hii. Hakufika mchana."

Na hapo ndipo akalia, kwa sauti, kama wanavyolia mama wa Makote, na kina mama wakamzunguka, na watu wote wakashukuru kwamba hatimaye anamlilia mtu wake. Alilia mpaka alipotosheka. Kisha akajifuta kwa ncha ya khanga, akamega tonge la ugali, akalichovya kwenye mchuzi, akala. Akamega lingine. Stella alikuwa anamtazama kama mtu anayetazama mvua ya kwanza.

Bwanali alikaa kwenye benchi akiwa bado na koti, machozi yakimtiririka hadi kwenye ndevu. Mzee aliyekuwa karibu naye akamgusa na fimbo.

"Mtani halii, Bwanali."

"Nani analia?" Bwanali akasema. "Ni salfa ya koti hili. Mtani wangu hakuwahi kulifua."

Jua lilikuwa limeanza kuegemea upande wa Masasi Stella alipozunguka nyuma ya nyumba kutafuta sufuria, akarudi amebeba dumu la njano kwa mikono miwili, amelishika mbali na nguo zake. Lilikuwa limevimba tumbo. Akalegeza kizibo kidogo, nalo likapumua kwa nguvu.

"Nilifanyeje hili?"

Mchungaji Selestini alilitazama kwa macho ya Kimethodisti. Bwanali alilitazama kwa macho ya Kiislamu. Kila mmoja alimwachia mwenzake nafasi ya kusema neno la hekima, na hakuna aliyelipata.

"Lirudishe pale pale," Severina akasema huku akinyonya mfupa wa kuku. "Jua bado lipo."